Kibao cha Mwenzako Hakichomolewi

Curtis Vandermeer alikichomoa kibao cha Lorna Haukkala kutoka kwenye foleni kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye supu. Akakiegemeza chini, kwenye ua wa waya, halafu akavisogeza mbele vibao vilivyokuwa nyuma yake. Hakupaza sauti. Watu wa aina yake hawana haja ya kupaza sauti. Alisema anasikitika, lakini klabu yao ya pikoboli imeamua kwamba kuanzia sasa kibao kisichokuwa kwenye orodha ya chama cha taifa hakitaingia uwanjani, na akamwomba Lorna asione kwamba analengwa yeye.

Duniani kote vibao vya aina ile vilitengenezwa na watu wawili tu, Lorna na mumewe. Sasa asipolengwa yeye, alengwe nani?

Wachezaji waliokuwa wakingoja zamu waligundua ghafla kwamba kamba za viatu vyao zimelegea. Lorna alikiokota kibao chake, akakipangusa kwa kiganja, akaenda kukaa ndani ya pikapu yao kuukuu. Nyuma kulikuwa na maboksi ya vibao vya kuuza. Alikaa na ufunguo mkononi kwa muda mrefu, bila kuwasha gari.

Hapa Hallam, mji wetu mdogo wa bandari, pikoboli imeipiku michezo mingine yote. Ni mpira wa plastiki wenye matundu, wavu wa kimo cha kiuno na watu wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja na kibao chake cha kupigia mkononi. Viwanja ni vichache na wachezaji ni wengi, ndiyo maana kando ya ua kuna rafu ndefu yenye nafasi za kusimamisha vibao. Ukifika unaweka chako nyuma ya vya wenzako. Wanne wa mbele wanaingia, waliobaki wanasogea. Huna haja ya kusimama wala kugombana, kibao chako kinakusimamia.

Na uwanja wenyewe ni wa mji. Naomba hilo lishikwe. Pale ndipo lilipokuwa dimbwi la magogo la kiwanda cha plaiwudi, ambako Dwight Haukkala, mume wa Lorna, alifanya kazi tangu ana ndevu za kuhesabika mpaka zikawa nyeupe. Wenye kiwanda walipoona faida imehamia kwingine, walifunga lango siku ya Ijumaa, wakawaachia wafanyakazi keki na mkono wa kwaheri, wakauza ardhi. Ufukweni yakaota majumba ya vioo ya wastaafu kutoka Seattle na California. Kipande kilichobaki wakaupa mji, wakasema ni zawadi. Sisi wa Hallam tuna kumbukumbu ndefu. Hatujawahi kupewa zawadi ambayo haikuwa yetu tangu mwanzo.

*

Dwight alikuwa gereji, akipaka gundi, wakati Lorna aliporudi. Hakumwambia kitu. Alivaa aproni, akachukua msasa, akaanza kusugua mpini.

Biashara hiyo ilikuwa wazo la Lorna, na ilianza kwa aibu. Kibao cha kwanza alichokitengeneza Dwight kilikuwa kama mlango wa ghala. Huo ni ugonjwa wa watu wa kiwanda: mtu aliyezoea kutengeneza mbao za kubeba paa hajui kutengeneza kitu cha kuchezea. Alibandika tabaka juu ya tabaka la mti mgumu, akazigandamiza, akasugua, akamletea mkewe kwa madaha, akisema kitaishi hata wao wakifa. Lorna alikipokea, na mkono wake ukashuka.

"Kitaishi," alisema. "Ila atakayekichezea atatangulia."

Waliviuza hivyohivyo, maana mbao zilikuwa zimeshanunuliwa, na vikarudi vyote, kila kimoja na malalamiko ya kiwiko. Dwight alinuna wiki nzima. Kisha, bila kukiri kosa, akaanza kutumia mwerezi kwa ndani, mti mwepesi wa huku kwetu, na kuacha ngozi nyembamba tu ya mti mgumu juu. Vibao vikawa vyepesi, vikanukia, vikaanza kuuzika. Viliuzwa kimojakimoja, nyuma ya pikapu, kwenye maegesho ya uwanja.

Kimojakimoja hakilishi nyumba. Lorna alishaacha zamu zake kwenye kiwanda cha samaki ili aifanye kazi hii, na yeye na mumewe walikuwa wamekubaliana. Jumamosi ilikuwa Siku ya Wazi, siku ambayo klabu za miji ya jirani huja kucheza Hallam. Vibao vikipata wateja siku hiyo, wataendelea. Visipopata, Dwight atatupa godoro kwenye gari aende Nevada, kwenye kibarua cha maghala ya vifurushi, akalale maegeshoni pamoja na wazee wenzake tangu Septemba hadi Krismasi ipite. Wengi wa mji huu wameondoka hivyo. Kila mmoja aliaga akisema ni msimu mmoja tu.

Aila, binti yao, aliingia akiwa bado na sare yake ya kazi. Alikuwa akihudumia kahawa kwenye jumba la klabu, kule kwenye majumba ya vioo, na habari za Hallam siku hizi zinaanzia huko. Alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, akaona kwamba gundi inapakwa kwa amani.

"Mama, hujamwambia?"

"Aniambie nini?" Dwight akauliza.

"Curtis amekitoa kibao changu rafuni," Lorna akasema, bila kuinua macho.

"Kimedondoka?"

"Amekichomoa. Anasema hakimo kwenye orodha."

Dwight aliweka brashi chini, akaifuta gundi kidoleni polepole. "Basi naondoka mapema," alisema. "Wanaowahi Nevada wanapata sehemu yenye kivuli."

"Hujafukuzwa bado, umeshaanza kufunga mizigo."

"Mimi nimeshafukuzwa mara moja, Lorna. Naijua hodi yake."

Aila akawaeleza aliyoyasikia akigawa vikombe. Hiyo orodha inahusu mashindano makubwa, na kwa michezo ya kawaida hakuna aliyewahi kuiuliza. Ila kampuni moja ya vibao kutoka California ilikuwa imeahidi kuleta meza yake Jumamosi, pamoja na kofia za bure kwa klabu nzima, na haikupenda kusikia kwamba kuna watu wanauza vya mbao hapohapo nje.

"Kwa hiyo tumeuzwa kwa kofia," Dwight akasema.

Lorna alisema atakwenda kuzungumza nao kiungwana, mtu mzima na watu wazima. Kamati ilikuwa inakutana kesho yake.

"Kesho ni zamu yangu, Mama," Aila akasema kwa sauti ndogo.

"Vizuri. Utanimiminia kahawa."

*

Lorna alivaa koti lake la kanisani na la misibani, maana ni moja. Alichukua vibao viwili vilivyotoka vizuri kuliko vyote, akavifunga kwa taulo safi.

Kamati ilimpokea kwa tabasamu. Walimpa kiti. Walimwita Lorna, Lorna, Lorna, kama watu waliosoma naye, na hakuna aliyemuuliza jina la ukoo. Aila alipita na birika, akamimina kikombe cha mama yake sawa na alivyomimina vya wengine, na wala hawakutazamana. Hilo walikuwa wamekubaliana njiani, wasijulikane kuwa ni mtu na mwanawe, kwa sababu mshahara wa Aila ndio uliokuwa ukilipia taa za gereji.

Mama mmoja mwenye miwani ya shingoni alikifungua kibao kwenye taulo, akakinusa, akasema anakipenda kupita kiasi, na je, Lorna angeweza kumtengenezea viwili vyenye tundu la msumari, kwa ajili ya kutundika ukutani? Vingependeza juu ya meko ya sebuleni.

"Ni vya kuchezea," Lorna akasema.

"Ah, bila shaka," yule mama akasema.

Curtis akachukua nafasi hiyo kueleza msimamo. Hakuwa mnyama, mtu yule. Alikuwa mjane, aliyehamia mji ambao hakumjua mtu hata mmoja, na rafu ile ndiyo iliyokuwa kitu cha kwanza Hallam kilichompa sababu ya kuamka. Alipenda vitu vikae kwa mpangilio. Lakini mtu anaweza kuwa mpweke na bado akakukanyaga, na kidole kinauma vilevile. Alisema kazi ya mikono ya Lorna ni nzuri mno, ila huu ni mchezo wenye viwango. Alisema wageni watakuja na picha zitapigwa. Alisema klabu inaipenda sana historia ya mji huu.

"Mimi siyo historia," Lorna akajibu. "Nimekuja na gari."

Mmoja akacheka, akidhani ni mzaha. Lorna aliomba walau meza, hata ya pembeni, nje ya lango. Curtis akasikitika tena. Yule bwana alikuwa na akiba kubwa ya masikitiko. Kisha akageuka, akapunga kidole hewani.

"Aila, mpenzi, mwondolee mama huyu kikombe. Amemaliza."

Kikombe kilikuwa nusu. Aila alisimama pale na birika mkononi, wekundu ukimpanda shingoni, na mdomo wake ukaanza kufunguka. Lorna alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, akatikisa kichwa kidogo sana, kisha akakiweka kikombe kwenye sinia ya binti yake kwa mkono wake mwenyewe. Alifunga vibao vyake kwenye taulo, akawaaga kila mmoja.

Aila alienda stoo, akafunga mlango, akalia, akaosha uso, akarudi kugawa biskuti.

*

Kila Alhamisi wastaafu wa chama cha makuli wa bandari hula supu ya chaza kwenye ukumbi wao, na Lorna huwapelekea mkate mtamu wa iliki, ule wa Kifini aliofundishwa na mama mkwe wake. Baba yake alikuwa kuli. Alhamisi ile alifika, akaweka mkate mezani, akataka kuondoka.

Bernie Pruitt alimzuia. Bernie aliendesha winchi bandarini maisha yake yote, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo Hallam, na sauti yake hadi leo inapita juu ya injini ambayo haipo. Alimuuliza mbona uso umeanguka. Lorna akasema ni mambo ya pikoboli, ya kipuuzi tu. Akaeleza kwa kifupi, akijaribu kuyacheka: kwamba Curtis Vandermeer alichomoa kibao chake kwenye foleni.

Vijiko vikasimama.

Hapo lazima niseme jambo. Ukutani mwa ukumbi ule kuna ubao wa zamu, wenye matundu na vigingi, kila kigingi na jina la mtu. Kabla ya ubao huo, nyapara alisimama langoni alfajiri akachagua kwa kidole, wewe, wewe na wewe, na aliyemnunulia bia jana ndiye aliyeonekana leo. Babu zetu waligoma. Walikula viazi na chaza za kuokota, wengine walipigwa, wengine walizikwa, mpaka ikakubaliwa kwamba kazi itafuata vigingi. Aliyetangulia ametangulia. Mtoto wa Hallam anaweza kukua bila kujua sala, lakini anajua kwamba kigingi cha mwenzako hakiguswi.

"Rudia," Bernie akasema. "Alikichomoa?"

"Ni mchezo tu, Bernie."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa vidole viwili."

Bernie akawageukia wenzake. "Vidole viwili," alisema, na meza nzima ikaguna.

Aliuliza kama kuna sheria iliyoandikwa. Lorna akasema ipo, kwenye kibango langoni; klabu yenyewe ndiyo iliyoiandika kwa rangi mwaka wa kwanza, vijana wa mji walipokuwa wakishikiana nafasi. Inasema kibao rafuni ndiyo zamu yako, na kila mwenye kibao anacheza. Kuhusu orodha ya chama cha taifa haisemi neno.

"Na vibao unavyo?"

"Gereji imejaa. Nitawaazima."

"Kuli haendi kazini na ndoano ya mizigo ya kuazima," Bernie akasema. "Tunanunua. Na usitupunguzie bei, nitakasirika."

*

Jumamosi jua lilitoka mapema, jambo ambalo huku si la kutegemea. Curtis alipofika na boksi la chupa za maji, rafu ilikuwa imejaa vibao vya mbao pekee, kuanzia nafasi ya kwanza hadi ya mwisho. Vibao vilivyokosa nafasi vilikuwa vimepangwa kwenye nyasi, kwa mstari ulionyooka, kando ya ua. Na kwenye mabenchi walikaa makuli wastaafu, wauguzi waliotoka zamu, wanawake wa kiwanda cha samaki na wanaume waliowahi kusimama na Dwight kwenye mashine moja. Walikuwa wanakunywa kahawa kwenye vifuniko vya themosi. Wengi hawakuwahi kugusa mpira ule maishani mwao.

Curtis aliangalia rafu, akaangalia mabenchi. Akanyoosha mkono kuelekea kibao cha kwanza.

"Kijana," Bernie akamwita. Curtis alikuwa na miaka sabini. "Zamani hapa kwetu mkono wa namna hiyo ulirudi nyumbani na bandeji. Siku hizi tumezeeka, tunaongea tu."

Mkono ukabaki hewani kidogo, ukarudi mfukoni.

Akampigia simu mtunza bustani wa mji, ambaye viwanja pia viko chini yake. Akaja, mtu mnene asiye na haraka. Curtis akamweleza kuhusu wageni, orodha na viwango. Mtunza bustani akamuuliza kama klabu ilichukua kibali cha kuufunga uwanja. Haikuchukua. Ilikuwa imezoea tu, kama wengi wanavyozoea kitu cha watu mpaka wakadhani ni chao. Basi mtunza bustani akaenda mbele ya kibango, akakisoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, akasema mwandiko ni mzuri, akaondoka.

Wakacheza. Nisidanganye, ilikuwa balaa kuitazama. Mipira iliruka ua, ilitua kwenye vikombe vya kahawa, mmoja ulimpiga shakwe. Bernie alielezwa kwamba ile sehemu ya karibu na wavu huitwa jikoni, na ukiwa humo huruhusiwi kuupiga mpira hewani.

"Nimekimbia jikoni maisha yangu yote," akasema, "leo ndiyo napata mwanamume anayenizuia kuingia."

Lakini hawakuharakisha. Kila mchezo ulichezwa hadi pointi yake ya mwisho, na waliomaliza walirudisha vibao nyuma ya foleni. Wageni walifika na mabegi yao, wakaambiwa zamu iko pale, wakaweka vibao vyao kwenye nyasi. Walipochoka kusubiri wakaanza kuuliza habari za vile vya mbao. Mmoja akaomba kujaribu, akamwachia mwenzake. Bwana wa kampuni ya California alipanga meza yake, akakaa, akaona hakuna anayekuja, mwishowe akazigawa kofia kwa makuli, nao wakazivaa kwa furaha, maana jua lilikuwa kali.

Lorna hakuwa amecheza. Alisimama nyuma ya pikapu akiuza, kwa bei ileile ya siku zote, akimweleza kila mtu uzito na mpini bila kumbembeleza yeyote. Dwight alikuwa kando yake, akifungua maboksi. Mchana ndipo Lorna alipochukua kibao chake mwenyewe, kile kilichoegemezwa chini, akatembea nacho mbele ya wote hadi kwenye rafu, akakisimamisha nyuma ya cha Bernie, aliyekuwa amerudi kwenye foleni kwa mara nyingine.

Akasikia hatua. Alikuwa Aila, ametoka kwenye jumba la klabu katikati ya zamu, na sare yake, na jina lake kifuani. Kamati yote ilikuwa imesimama pale. Aliweka kibao chake nyuma ya cha mama yake.

"Watakufukuza," Lorna akamnong'oneza.

"Kwa kupanga foleni?" Aila akajibu, wala hakunong'ona. "Waseme hivyohivyo mbele ya watu. Na wajue kabisa huyu ni mama yangu."

Yule mama wa miwani akamtazama Aila, akamtazama Lorna, na mtu angeweza kumwona akirudisha kichwani kikombe kile cha nusu. Hakuna aliyesema la kufukuza.

Curtis alikuwa amesimama asubuhi nzima. Angeweza kwenda nyumbani, na moyoni alikaribia kwenda, akaifikiria nyumba ile ya vioo na sebule yake ilivyo kimya mchana. Akachukua kibao chake cha bei kubwa, akakiweka nyuma ya cha Aila. Akakaa benchini, akangoja kama watu.

Zamu ikafika. Wanne wa mbele walikuwa Bernie, Lorna, Aila na Curtis. Bernie alimshika Curtis bega, akamwambia yeye yuko upande wake, akamwonya asimwangushe. Basi wakawa hao wawili upande mmoja, na mama na binti upande mwingine. Curtis alicheza vizuri, hilo lisemwe, na Lorna alicheza vizuri zaidi. Mpira uligonga ngozi ya mbao na mlio mzito, wa mlango unaogongwa na mtu anayejua kwamba atafunguliwa.

Huko nyuma ya pikapu, mama mmoja mrefu, mwenyekiti wa klabu iliyotoka ng'ambo ya mto, Oregon, alikuwa amemng'ang'ania Dwight. Alitaka vibao vya klabu yake nzima, wake kwa waume. Havikuwepo vya kutosha, vilivyobaki vilikuwa viwili na kimoja kina kovu. Akasema si neno, wanavihitaji Novemba, kabla ya Siku ya Shukrani, ila hataki kuja akute mlango umefungwa. Mafundi wa namna hii, alisema, leo wapo kesho hawapo.

"Novemba utakuwa hapa?"

Dwight alimtazama mkewe kule uwanjani, ameinama, kibao mbele, akingoja mpira.

"Nitakuwepo," alisema, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika.

Lorna alisikia. Mpira wa Curtis ulikuja polepole, mpira ambao hata mtoto angeurudisha, ukadunda mbele ya viatu vyake, ukampita, ukabingirika hadi kwenye ua. Bernie akapiga kelele ya ushindi. Curtis akatangaza pointi kwa adabu.

"Mama, vipi?" Aila akauliza. "Ule ulikuwa wako."

Lorna alikuwa anacheka, mkono mmoja kiunoni.

"Waache waichukue hiyo," alisema, akarudi kwenye nafasi yake. "Ni hiyo moja tu."